Asanteni Wadukuzi, Hamkutucheka

Ukisikia neno "mdukuzi" unawaza nini? Wengi huwaza mtu aliyejifungia chumbani usiku wa manane, anatafuta njia ya kumaliza pesa zako kwa simu. Na wacha tuseme ukweli: sisi wa timu ya elimu kwa wateja tulikuwa tukiwaza hivyo hivyo, mpaka tulipotumwa kwenye mkutano wa wadukuzi hapa Nairobi.

Tulienda watatu, wote watu wa masoko. Hakuna hata mmoja wetu anayejua kuandika programu. Tulizima simu kabla ya kufika mlangoni na tukakumbatia mikoba kama watu wanaopita stendi ya matatu jioni. Tulijua tutachekwa. Kumbe hatukujua lolote.

Meza ya kwanza ilikuwa ya makufuli. Kijana mmoja alituvutia kiti, akatupa kufuli dogo na vipande viwili vya chuma, akasema, "Jaribuni, hakuna haraka." Baada ya robo saa mmoja wetu akalifungua. Meza nzima ikapiga makofi, yaani kama ameshinda ligi!

Hapo tukapata ujasiri wa kuuliza swali ambalo ofisini tuliona haya kuliuliza, kwa sababu mtu wa kampuni ya pesa za simu anatarajiwa kulijua: wakora huhamishaje laini ya mtu bila yeye kujua? Msichana aliyekaa karibu nasi akachukua karatasi ya kupangusia mikono na kutuchorea. Mkora hukusanya nambari yako ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na habari nyingine ndogo ndogo, mara nyingi kutoka kwako mwenyewe kwa simu moja ya "huduma kwa wateja". Kisha anajifanya wewe ili apewe laini mpya yenye nambari yako. Simu yako inakosa mtandao ghafla, na ujumbe wote unaanza kuingia kwake.

Tukadhani amemaliza. Akacheka kidogo, akasema yeye mwenyewe aliwahi kuliwa shilingi 2,500. Alipata ujumbe kwamba ametumiwa pesa, kisha mtu akapiga akilia ati ametuma kimakosa, ni za dawa za mtoto. Akazirudisha bila kuangalia salio. Hakuna pesa iliyokuwa imeingia. Wenzake mezani hawakumcheka. Mmoja akasema, "Mimi walinipata na kazi ya mtandaoni." Mwingine akaongeza yake. Watu wanaolipwa kulinda mifumo walikuwa wakisimuliana jinsi walivyoibiwa, huku chai ikipoa.

Tuliporudi ofisini tulisoma historia ya mikutano hii, tukaona kwamba ukarimu huo haukuanzia Nairobi. DEF CON, ambao ni maarufu zaidi, ulianza 1993 mjini Las Vegas, Marekani. Jeff Moss alikuwa akipanga sherehe ya kumuaga rafiki yake. Rafiki akaondoka mapema, naye Moss akaamua kuwaalika wadukuzi wengine aliowajua. Walifika kama mia moja. Leo mkutano huo huvuta makumi ya maelfu ya watu. Ujerumani nako, Chaos Computer Club imekuwa ikiandaa mkutano wake tangu 1984. Wanaolinda milango na kupika jikoni ni watu wa kujitolea wanaoitwa "malaika", na mgeni wa mara ya kwanza anaweza kupewa mwenyeji wa kumshika mkono.

Kuna mmoja ambaye hatutamsahau tangu tusome habari zake. Mwaka 2008, Mmarekani Dan Kaminsky aligundua kasoro kwenye DNS, mfumo unaoielekeza kompyuta au simu yako kwenye tovuti unayoitafuta. Kasoro ile ingemwezesha mkora kukupeleka kwenye tovuti bandia ya benki hata kama umeandika anwani sahihi. Angeweza kuiuza. Badala yake aliwaita watengenezaji wa mifumo wakashauriana kimya kimya, na Julai mwaka huo kampuni nyingi zikatoa marekebisho kwa pamoja. Agosti, alipoenda kuieleza kasoro hiyo mkutanoni Las Vegas, nyanya yake aliwaokea watu biskuti. Kaminsky alifariki 2021 akiwa na miaka 42, na waliomlilia walitaja wema wake kama walivyotaja akili yake.

Hatusemi wadukuzi wote ni watakatifu. Wako wanaoiba, na mikutano hii imelazimika kuweka kanuni za mwenendo kwa sababu si kila anayehudhuria ana adabu. Hapa Kenya, sheria ya uhalifu wa mitandaoni ya 2018 inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini, na kuwa na nia nzuri hakukupi ruhusa. Tunachosema ni kwamba kwenye vikao hivi tuliona kitu ambacho sisi, tunaojiita walimu wa wateja, hatukuwa nacho.

Angalia jumbe zetu za zamani. "Usikubali kudanganywa." "Kuwa mwerevu." Tulidhani tunasaidia. Lakini mtu ambaye tayari amedanganywa anasoma nini hapo? Anasoma kwamba yeye si mwerevu. Tunamkumbuka mama mmoja muuza mitumba aliyepigia huduma kwa wateja siku mbili baada ya kutoa PIN yake kwa simu. Kwa nini alikawia? Alisema aliogopa watoto wake watamcheka. Kufikia hapo pesa zilikuwa zimetolewa zote. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ila mara nyingine mtu huficha maradhi kwa sababu sisi tulio karibu tuna midomo.

Huko DEF CON kumekuwa na shindano ambapo mshiriki huingia kwenye kibanda kisichopitisha sauti na kupigia kampuni simu, huku ukumbi ukisikiliza jinsi anavyowafanya wafanyakazi watoe habari za ndani. Wanaopokea simu hizo ni watu waliosoma, tena wako kazini, na bado wengi hutoa. Sasa kama wao wanashikwa, kwa nini tumwite mzazi wetu mjinga? Kudanganywa kwa simu si kipimo cha akili. Ni kazi ya mtu aliyefanya mazoezi, akakupata ukiwa na haraka au na huruma.

Maoni yetu ni haya: aibu ndiyo rafiki mkubwa wa mkora. Kila saa unayokaa kimya, yeye anaitumia kutoa pesa. Kwa hivyo:

- Ukishuku umedanganywa, piga simu huduma kwa wateja saa hiyo hiyo, kwa nambari rasmi unayoijua, si iliyotumwa kwenye ujumbe. Kisha badilisha PIN.
- Simu ikikosa mtandao ghafla na wenzako wanao, azima simu ya jirani uulize kuhusu laini yako.
- Mtu akikuambia amekutumia pesa kimakosa, angalia salio kwanza kwenye menyu. Hata kama zimeingia, usizirudishe mwenyewe. Mwambie awasiliane na huduma kwa wateja.
- Mamako, shosho au mfanyakazi wako akikuambia ameliwa pesa, usiulize "Kwani ulikuwa unafikiria nini?" Uliza "Walikuambiaje?" Kisha mpige simu pamoja.

Hilo la mwisho hatukulipata kwenye mafunzo yoyote ya kampuni. Tulilipata mezani kwa watu tuliokuwa tumewafichia simu. Tulifika hatujui lolote, wakatuvutia kiti. Tukauliza maswali ya mtoto, wakatujibu kama watu wazima. Asanteni sana. Karatasi ile yenye mchoro tumeibandika ukutani ofisini, na doa lake la chai.

Na wewe msomaji, umewahi kuliwa pesa ukanyamaza? Leo mwambie mtu mmoja unayemwamini. Huenda naye yalimpata, na alikuwa akingoja mtu aanze.