Jinamizi Si Tamathali Tu

Ukifungua gazeti la Kiswahili nchini, hutakawia kukutana na jinamizi. Lipo jinamizi la ufisadi, jinamizi la ukabila, jinamizi la njaa, na msimu wa mitihani ukiwadia huzuka jinamizi la udanganyifu. Insha za shule za sekondari nilizowahi kusahihisha zimelijaa neno hili. Siku moja nikawauliza wanafunzi wa darasa zima jinamizi lenyewe ni kitu gani. Wakanijibu kwamba ni tatizo kubwa. Hakuna hata mmoja aliyetaja usingizi.

Naona kwamba sisi wasomi wa Kiswahili tumeiacha tamathali ikaimeza maana ya msingi, na hasara yake si ya kileksia pekee.

Nilipokuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, mwenzangu wa chumbani aliacha kulala. Aliketi kitandani usiku kucha, mgongo ukutani na taa ikiwaka, kisha akasinzia mihadharani. Baada ya wiki mbili alinieleza kwa sauti ya chini kwamba alfajiri moja alizinduka akakiona chumba chote jinsi kilivyo, vitabu mezani na shati langu msumarini, lakini hakuweza kuinua hata kidole. Kitu kilikuwa kimemkalia kifuani. Kisha akajihisi anapanda hadi darini, akageuka, akajiona mwenyewe amelala pale chini. Alikuwa ameshaandika barua ya kuomba kuahirisha masomo, kwa kuwa aliamini kwamba ama amerogwa ama anapatwa na wazimu. Wenzetu wa maombi walimwambia ni mapepo. Mshauri wa wanafunzi alimwambia apumzike. Neno alilolihitaji alikuwa nalo tangu shule ya msingi, ila alikuwa amefunzwa kwamba maana yake ni ufisadi.

Nilipomsimulia nyanya yangu, mzaliwa wa Malindi, wala hakushtuka. "Huyo kakabwa na jinamizi," alisema. "Mwambie asilale chali."

Ushauri huo una mashiko. Mnamo 1953 Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza awamu ya usingizi ambapo macho huchezacheza chini ya kope. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba ndoto zilizo wazi mno huja aghalabu katika awamu hiyo, na kwamba wakati huo ubongo huilegeza misuli ili mtu asiziigize ndoto zake. Pengine akili huamka kabla ya misuli kufunguliwa. Hapo mtu hukiona chumba chake halisi na ndoto yake kwa pamoja. Hujaribu kuvuta pumzi kwa nguvu akashindwa, akahisi uzito kifuani. Hali hii huwapata zaidi waliolala chali na waliokosa usingizi wa kutosha, na ni nani alalaye vya kutosha chuoni? Ama kuhusu kujiona kutoka darini, mwaka 2002 Olaf Blanke na wenzake walieleza katika jarida la Nature kisa cha mgonjwa wa kifafa huko Geneva. Madaktari walipousisimua kwa umeme hafifu upande wa kulia wa ubongo wake, alijiona kutoka juu amelala kitandani. Aaminiye kwamba roho hutoka mwilini hajakanushwa na umeme huo. Lakini aliyedhani ana wazimu amepata sababu ya kuzima taa na kulala.

Kuna mahali ambapo jambo hili liligharimu zaidi ya usingizi wa mwanafunzi mmoja. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilienea Pemba na Unguja. Watu walisimulia kujiwa na kiumbe usiku, kulemewa na kushindwa kupiga kelele. Wengine wakawa wanakesha nje kwa makundi. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, na uvumi haukukosa siasa. Huko Unguja umati ulimuua mtu mwenye maradhi ya akili, akidhaniwa ndiye Popobawa. Sidai kwamba kila kisa kilikuwa jinamizi. Hata hivyo, wengi wao walieleza mambo yale yale niliyoyasikia bwenini. Tofauti ni kwamba jinamizi huishi usingizini na huondoka mtu akiamka, ilhali Popobawa ana mwili na mbawa, na chenye mwili huweza kuwindwa.

Na sisi wahakiki je? Tukikutana na mhusika anayepaa au kuuacha mwili wake, upesi tunaandika "uhalisia mazingaombwe" na kukimbilia Amerika ya Kusini. Sikatai istilahi hiyo; pendekezo la tasnifu yangu limeitumia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini safari katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi, au katika Bina-Adamu! (2002) ya Wamitila, zina mantiki ya ndoto, na Kiswahili kina ngazi zake za hali hiyo: lepe, usingizi wa mang'amung'amu, kuweweseka, maruerue, njozi, ruya, jinamizi. Anayezijua atamuuliza msimulizi swali ambalo nadharia ya kuazima haiulizi: umelala, unasinzia, au uko macho?

Likizo ndefu inakaribia. Wanachama wa chama chetu watatawanyika kila pembe ya nchi. Ningependa kila mmoja amwulize mzee mmoja wa kwao hali hii huitwaje, na aliyepatwa nayo huambiwa afanye nini, kisha tuyachapishe majibu hapa hapa. Sikio la haraka husikia jini ndani ya neno jinamizi. Mimi naelekea kusikia kitenzi kuinama, kitu kinachomwinamia mtu aliyelala. Pengine wazee watanisahihisha.

Mwenzangu hakuipeleka ile barua. Alihitimu pamoja nasi, na hadi leo hulala kwa ubavu.