Si kila mtoi wa Kericho ni wa marathoni

Wasee, tuache hii story ati mtoi wa Kericho au Bomet kazi yake ni kukimbia tu. Ukiwapanga laini upige filimbi, mwenye kasi anashinda, wengine wanabaki kung'oa nyasi.

Tag raga haina kuangushana. Unachomolewa utepe kiunoni, basi. So fundisha kukwepa: mpira mikono miwili, macho kwa nafasi, si kwa mtu. Punguza mwendo, kanyaga na kushoto, chomoka kulia. Mtoi wa kucheza kati tayari anajua kuhepa.

Fiji ndio wafalme wa chenga, na Shujaa waliwanyorosha 30-7 fainali ya Singapore 2016. Tunaweza!

Walimu, wekeni saa chini. Pangeni chupa nne, hata yule wa mwisho apate kufunga trai.