Bureti haifunguliwi kwa kubofya

Najua huku kwangu kumepoa, UE zilinibana mpaka nikasahau neno la siri. Nimerudi, na nina dukuduku.

Siku hizi chuoni kila kozi inataka kuhamia mtandaoni. Kwa nadharia sina ugomvi. Ugomvi wangu ni maabara ya kwenye skrini inapochukua nafasi ya maabara yenyewe, hasa kwetu sisi tunaosomea ualimu wa sayansi.

Chukua titresheni. Kwenye kompyuta unabofya, tone moja linaanguka. Mkononi, koki imekaza, ukiilazimisha inamwaga sentimita mbili za ujazo kwa mpigo na rangi ishapita zamani. Au kuandaa sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M: gramu 4 kwa lita moja, hesabu ya mtoto. Ila zile punje zinavuta unyevu wa hewa. Ukizubaa mbele ya mizani na stori zako, unapima na maji! Hilo skrini haikuonyeshi.

Mimi ni wa Kasulu, na BTP nilifanya Kibondo. Mnakumbuka agizo la Rais Kikwete la 2012 kwamba shule za kata zijenge maabara tatu tatu? Majengo mengi yalisimama. Shule niliyopangiwa chumba kipo kizuri tu, bureti nzima zilikuwa nne. Hakuna fundi wa maabara, fundi ni wewe mwalimu. Ukikosea mchanganyiko asubuhi, darasa zima linapata majibu ya ajabu, na hao watoto wa Kiha mtihani wao wa vitendo wa NECTA haufanywi kwa kipanya.

Sasa msinielewe vibaya, mtandao nautaka. Mwaka wa kwanza kipindi cha vitendo kilikuwa saa tatu. Saa nzima inaishia ubaoni, halafu watu wanane tunazunguka bureti moja: wawili wanafanya, sita wananakili. (Mnajijua.) Maelezo yale na hesabu zake tungemalizia bwenini usiku wa kuamkia, na maswali machache ya kujibu kabla hujaruhusiwa kuingia, ile saa ingerudi mikononi. Hata makundi yangegawanywa kwa zamu, wanne wanne.

Bando? Majaribio ya PhET, yale ya Chuo Kikuu cha Colorado aliyoyaanzisha Carl Wieman mwaka 2002, unayapakua mara moja na yanafanya kazi bila intaneti. Nilikwenda nayo Kibondo kwenye flashi. Saketi waliichezea kwanza kwenye laptopu yangu, kesho yake wakashika nyaya na betri, na waya ulipokuwa umelegea balbu haikuwaka. Wakautafuta wenyewe! Umeme nao umepata nafuu, maana gridi ya taifa ilifika kwetu 2022, kabla ya hapo tuliishi kwa majenereta ya dizeli.

Wanaosema vifaa ni ghali, kweli ni ghali. Lakini hata Chuo Kikuu Huria, ambacho kazi yake ni kufundisha watu wakiwa mbali, wanafunzi wake wa sayansi huitwa maabara kufanya vitendo ana kwa ana. Sisi tunaolala hatua mia mbili kutoka maabara tunaambiwa tubofye?

Mnaokwenda BTP mwaka huu, mmeshawahi kuandaa mchanganyiko peke yenu, bila mtu pembeni? Nijibuni kweli.