Sizoni si shamba la alizeti

Jioni moja mjini Singida, kwenye duka dogo la kujazia muvi huko Mitunduruni, kijana alikuwa ameshatoa flashi mfukoni na kuomba awekewe tamthilia ya The Flash yote, tangu msimu wa kwanza hadi wa 9. Mwenzake akamkatisha. "Kaka, usijisumbue. Mwishoni wamechemsha, sizoni yote hewa." Yule kijana hakuuliza wamechemshaje. Alibadili mawazo palepale, akaondoka na kitu kingine.

Hukumu hiyo nimeisikia Majengo, nimeisikia Utemini, nimeisikia ndani ya basi la Kiomboi. Imeshakuwa sheria: mwisho ukiwa mbovu, hadithi nzima imeharibika, na aliyeifuatilia amepoteza muda wake. Naipinga sheria hiyo kwa moyo wangu wote. Ni ya uongo, na inawanyima vijana wetu vitu vizuri ambavyo hawajavionja.

Tuanze na hesabu. The Flash ilianza kuonyeshwa Marekani Oktoba 2014 na kuisha Mei 2023. Ina episodi 184. Msimu wa mwisho, ule unaolaaniwa, una episodi 13 tu. Zinabaki 171, na kila moja ina dakika 40 na kidogo. Hizo ni zaidi ya saa 110 za simulizi, na tunaambiwa zote zimefutwa na kipande kisichofikia sehemu moja ya kumi. Huenda hata jina tulilolizoea linatupotosha. Huku kwetu tamthilia nzima tunaiita sizoni, kipande kimebeba jina la kitu kizima, na sasa tunakihukumu kitu kizima kwa kipande.

Sisemi kwamba msimu wa 9 ulikuwa mzuri. Nimeuangalia wote. Adui aliyetangulizwa kwa kishindo, Red Death, alimalizwa katika episodi 5 za mwanzo. Baada yake zikaja episodi za kujaza nafasi. Kisha akarudishwa Eddie Thawne, mtu aliyejiua mwishoni mwa msimu wa kwanza ili kuwaokoa wenzake. Walioulilia msiba wake wana haki ya kukasirika kumwona amegeuzwa adui. Na pale watu walipongoja pambano la mwisho kati yake na stelingi mwenyewe, Barry Allen, wawili hao wakamalizana kwa maneno. Hapo ndipo wengi waliposema stelingi ametuangusha. Mimi kipande hicho nilikipenda. Barry ni mtoto aliyeuliwa mama akiwa na miaka 11 na baba yake akafungwa kwa kosa lisilo lake. Kwamba mwishoni anamnyooshea adui mkono badala ya kumuua, naona inamfaa. Lakini ulegevu wa msimu wenyewe siukatai.

Sababu zake zinajulikana. Hadithi ya namna hii haiandikwi yote kwa mara moja kama riwaya. Kila mwaka kituo cha televisheni kinaamua kama kazi iendelee au ifungwe. Msimu wa kwanza ulipewa episodi 23. Mwaka 2020 korona ilisimamisha kazi, msimu wa 6 ukakatwa kwenye episodi ya 19. Mwaka 2021 waigizaji wawili waliokuwa nguzo, Carlos Valdes na Tom Cavanagh, waliacha nafasi zao za kudumu. Mwaka 2022 kituo chenyewe, CW, kikauzwa kwa mwenye mali mwingine. Mwandishi aliyebaki na wasanii pungufu na episodi 13 za kufunga miaka 9 alifanya alichoweza. Anayemdai mwisho uliopangwa tangu siku ya kwanza anamdai kitu ambacho hakikuwahi kuwepo.

Mzee mmoja wa Ikungi, mkulima ninayemheshimu sana, alinipa hoja nzito kuliko zote nilizosikia upande ule. "Mwanangu," aliniambia, "alizeti ikichanua inapendeza, lakini hatukamui maua. Mbegu zikiwa hewa, shamba ni hasara." Nililala nikiiwaza hoja hiyo. Kwa shamba, mzee amesema kweli tupu. Mkulima wa Singida anatia jasho miezi mingi kwa ajili ya siku moja ya mavuno, na siku hiyo ikimkataa, uzuri wa maua hautalipa ada ya mtoto. Lakini hadithi ndefu haivunwi siku ya mwisho. Inaliwa kila jioni. Inafanana na ng'ombe wa maziwa: leo umekamua, watoto wamekunywa, wamelala wameshiba, kesho hivyohivyo, miaka 9. Siku ng'ombe amezeeka na maziwa yamepungua, hakuna mfugaji wa Kinyaturu atakayesimama zizini na kutangaza kwamba maziwa ya miaka yote ile hayakuwa maziwa.

Tuliokulia vibanda umiza tulilijua jambo hili bila kufundishwa. Tulikaa kwenye mabenchi, jasho linatutiririka, tukisikiliza filamu za ng'ambo zilizotafsiriwa na Lufufu, na mara nyingi umeme ulikatika kabla adui hajapigwa. Mwisho hatukuuona. Tulirudi nyumbani gizani tukibishana jinsi ulivyokuwa, kila mmoja na wake, na kesho yake tulirudi tena kwenye benchi. Sikumbuki hata mtoto mmoja aliyesema filamu ile haikuwa na maana.

Na wazee wa pwani walitutangulia mbali. Katika ngano za Unguja alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870 kuna kisa cha Sultani Darai. Maskini anayepekua jaa ananunua paa, paa anamtajirisha na kumwoza binti wa sultani, kisha paa anaugua na bwana wake anamdharau mpaka anakufa. Mwishoni yule mtu analala katika utajiri wake, anaota yuko jaani, anaamka na kujikuta yuko jaani kweli. Kila kitu kimetoweka. Ungeutangaza mwisho huo leo, wangesema msimulizi amechemsha. Lakini kisa kimeishi miaka zaidi ya 150 kwenye maandishi, na watu wanakumbuka paa yule alivyokuwa mwaminifu. Tena msimulizi wa zamani alipofunga hadithi alikuwa na ada ya kusema kwamba uzuri wake ni wa wote, ubaya wake ni wa msimulizi peke yake. Alijua upungufu haukosekani, akaubeba mwenyewe, akawaachia wasikilizaji kilicho chema. Sisi tunafanya kinyume: tunaondoka na ubaya peke yake, kisha tunauuza kwa wenzetu dukani.

Hapo ndipo panaponiuma. Ukichukia mwisho, chukia, sema, lia, ni haki yako. Kukasirika kwa shabiki ni ushahidi kwamba alipenda. Lakini unapomzuia mwenzako asianze, umemnyima episodi ya mwisho ya msimu wa kwanza, iliyoonyeshwa Mei 2015. Barry, kwa mbio zake za ajabu, anarudi nyuma hadi usiku ule mama yake alipouawa. Ana mbio za kutosha kumwokoa. Anasimama nyuma ya mlango, anaacha litokee, kisha anaingia, anavua kofia yake ya kazi na kumwambia mama anayekata roho kwamba yeye ni mwanawe na kwamba mambo yote ni salama. Niliitazama na mdogo wangu. Hakuna aliyesema neno mpaka tukazima taa. Sehemu ile haijaguswa na lolote lililofanyika mwaka 2023.

Kijana wa Mitunduruni, rudi pale dukani na flashi yako. Msimu wa kwanza una episodi 23. Anza leo usiku.