Mapumziko ya Watoto Wachezao



Mashindano ya UMITASHUMTA huanzia shuleni, yakapanda kata, wilaya na mkoa, hata kufika taifa. Hayo si mabaya. Lakini yakiisha, mtoto hodari hutiwa katika timu nyingine, na nyingine tena, mwaka mzima. Kisha twastaajabu aliyependa mpira asemapo tumbo lamwuma kila siku ya mazoezi. Watu humwita mvivu. Si uvivu huo! Mtazameni: hulala vibaya, hukasirika upesi, maumivu ya miguu hayamwishi, na kadiri azidishavyo mazoezi ndivyo mbio zake zipunguavyo.

Madaktari wa watoto wa Marekani waliandika mwaka 2007 kwamba mchezaji mdogo apumzike siku 1 au 2 kila juma, na kila mwaka auache mchezo wake kwa miezi 2 au 3. Kwetu iko hesabu nyingine. Wakati wa kuchuma kahawa, mtoto apandaye mlima na mzigo kichwani hajapumzika, ijapokuwa hakugusa mpira. Basi siku ya mavuno isiwe siku ya mazoezi, na mwalimu, kabla ya kupiga filimbi, amwulize, “Leo asubuhi ulifanya kazi gani nyumbani?”