Stelingi Akizeeka, Mwacheni Acheze

Msanii mkongwe akitangaza tu kwamba anarudi, hazikosekani sauti za kusema angeondoka wakati bado anashangiliwa. Wanaosema hivyo husema kwa huruma, kana kwamba wanamtakia mzee heri. Mimi naona ni ubinafsi uliovishwa kanzu ya busara. Anayelindwa pale ni mtazamaji, asiyetaka kukumbushwa kwamba miaka iliyompitia stelingi wake imempitia na yeye.

Mtazameni Sylvester Stallone. Waliokulia kwenye vibanda vya video, Rambo na Rocky wakitafsiriwa kwa Kiswahili na mtu mmoja mwenye sauti ya kila mhusika, wanaikumbuka kanuni: stelingi hafi. Kuhusu kuzeeka, kanuni ilikuwa kimya. Basi mwaka 2006, akiwa na miaka 60, Stallone alipomrudisha ulingoni bondia aliyemtoa mwaka 1976, vicheko vilianza kabla filamu haijatoka. Babu na glavu! Waliokwenda kuiona walikuta yenyewe imewatangulia kucheka. Rocky sasa ni mjane mwenye mgahawa, anawasimulia wateja mapambano yale yale. Mkufunzi wake anamhesabia viungo vilivyostaafu: magoti hayataki mbio, shingo ina baridi yabisi, kasi imekwisha, kilichobaki ni uzito wa ngumi, basi wafanyie kazi huo uzito. Anapanda ulingoni, anashindwa kwa pointi, kama alivyoshindwa kwa pointi katika filamu ya kwanza. Kijana aliyeshindwa alikuwa na marudiano mbele yake. Mzee hana, na bado anaondoka akiwapungia watu mkono. Nafasi hiyo isingechezwa na mtu wa miaka 30, hata apakwe mvi za namna gani.

Wapo wanaoboronga, sibishi. Rambo wa mwaka 2019 alichosha. Lakini uzee haukuwa kosa. Kosa lilikuwa kujifanya haupo, mtu wa miaka sabini na ushee akiliteketeza genge zima kana kwamba bado tuko 1985.

Na mbona Bi Kidude hatukumwambia ashuke jukwaani? Aliimba na kupiga ngoma hadi ukongweni, tuzo ya WOMEX akaipata mwaka 2005, na alipofariki Aprili 2013 watu walikuwa bado wanabishana kuhusu umri wake. Tulimruhusu kwa sababu wengi wetu tulimjua akiwa tayari bibi. Hakuwa amebeba ujana wetu.

Wanaowataka wakongwe waondoke hupenda kumtolea mfano Don Quijote wa mwandishi Cervantes: mzee aliyejidanganya akawa kichekesho. Sijui kama walikifikisha kitabu mwisho. Ni riwaya ya kuchekesha kweli, na mhusika wake ni mwigizaji asiye na jukwaa, mtu wa miaka karibu 50 anayeazimia kucheza shujaa wa zama zilizopita. Anaiundia kofia yake ya vita kinga ya uso kwa karatasi ngumu, anaijaribu kwa upanga, inasambaratika. Anaiunda upya, anaitia vyuma ndani, na safari hii haijaribu. (Kila mkongwe wa jukwaani anaijua hekima hiyo.) Tunacheka, na tucheke. Ila katika sehemu ya pili, iliyotoka mwaka 1615, wanatokea mtawala na mkewe waliokwisha kusoma sehemu ya kwanza. Wanamkaribisha kwao ili wamfanyie mizaha, na msimulizi anatuambia kwamba wanaodhihaki wana wazimu sawa na wanaodhihakiwa.

Kisha anakuja msomi wa kijijini kwao, mwenye nia njema kama yenu. Anajigeuza shujaa, anamwangusha mzee kwenye ufukwe wa Barcelona, na kumwamuru arudi nyumbani akae mwaka mzima bila silaha. Ndicho hasa mnachowaombea wasanii. Mzee anarudi, akili inamtulia, na anakufa kitandani. Sancho, msindikizaji wake, analia akimsihi ainuke watoke tena, hata kama ni kuvaa nguo za wachungaji na kwenda malishoni, mradi wacheze kitu.

Cervantes alikuwa na sababu zake za kuandika hivyo. Mwaka 1614 mtu aliyejificha nyuma ya jina la Avellaneda alitoa mwendelezo bandia wa kitabu chake, na katika dibaji akamkejeli kwa uzee na kwa mkono wa kushoto, uliolemaa katika vita vya Lepanto mwaka 1571. Cervantes alimjibu kwamba mtu haandiki kwa mvi, huandika kwa akili, na akili hunolewa na miaka. Alikuwa na umri wa miaka 68 hivi, na alibakiwa na miezi tu ya kuishi. Leo Avellaneda husomwa zaidi na watu wanaotaka kujua ni nani aliyemuudhi Cervantes.