Maoni Yetu: Kaunti na Nairobi Ziandikiane

Kijana wa Kibokoni akipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, karo yake huitafuta kwa milango mitatu. Mkopo na ufadhili wa serikali ya kitaifa anauomba mtandaoni. Fomu ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, anaipeleka afisi ya mbunge wa Mvita. Fomu ya basari ya kaunti anairudisha wadini. Fomu hizi mbili za mwisho hutaka karibu mambo yale yale: barua ya chifu, muhuri wa imamu au pasta, nakala ya kitambulisho cha mzazi, na cheti cha kifo ikiwa mzazi hayupo tena. Yatima analazimika kuuthibitisha uyatima wake mara mbili, kwa afisi mbili zisizosemezana.

Milango hiyo mitatu yote imetikiswa. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya NG-CDF inakiuka Katiba. Desemba mwaka huo huo ikatoa hukumu dhidi ya mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu ulioanzishwa 2023. Rufaa zikafuata. Kisha Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, akazitaka kaunti zitie saini makubaliano na serikali ya kitaifa kabla ya kutoa fedha za basari. Magavana walikuja juu. Wazazi pia walikuja juu, na hao walikuwa na sababu kubwa zaidi, kwa kuwa shule zilikuwa zimefunguliwa.

Tunasema wazi: kwa upande wa sheria, Nyakang'o alikuwa sahihi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa serikali ya kitaifa sera ya elimu, mitihani, shule za msingi na za upili, na vyuo vikuu. Kaunti zimepewa chekechea, vyuo vya ufundi vya mashinani na vituo vya kulea watoto. Basari ya chuo kikuu haimo katika fungu la kaunti. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 187, inaruhusu ngazi moja ya serikali kuikabidhi nyingine kazi yake kwa makubaliano, bora fedha za kuifanya kazi hiyo ziandamane nayo. Kwa zaidi ya miaka kumi kaunti zimekuwa zikigawa basari, na mpaka Mdhibiti alipozungumza jambo hilo lilikuwa halijawekwa sawa. Pasipo makubaliano hakuna wa kuulizwa hundi ikichelewa.

Wapo wanaosema kaunti iachane kabisa na vyuo vikuu, Nairobi ibebe mzigo wake. Hatukubaliani nao. Mfumo wa 2023, ulivyopangwa upya mwaka uliofuata, uliitaka familia ya kundi la kwanza, lenye uhitaji mkubwa zaidi, ilipe asilimia 5 ya gharama ya masomo, na ya kundi la tano asilimia 40. Mwenye kibanda Markiti akiwekwa katika kundi lisilo lake, hiyo asilimia 40 haipati. Basari ya kaunti ikiondolewa leo, kuna watoto wa Majengo na Mji wa Kale ambao hawatafika muhula ujao.

Na kisiwa hiki kina historia yake ya kuchangia elimu ya juu. TUM ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, MIOME. Sultani wa Zanzibar alichanga, Aga Khan akachanga, jamii ya Mabohora ikachanga, na serikali ya kikoloni ikatia fungu lake. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1951 kujifunza ufundi. Jina lilibadilika 1966, likabadilika tena 1972 kilipoitwa Mombasa Polytechnic, na 2013 kikapewa hati ya chuo kikuu kamili. Wachangiaji wale walikuwa na madhehebu mbalimbali, na kila mmoja na siasa yake, lakini fedha zao ziliingia mfuko mmoja na chuo kikasimama Tudor. Leo mwanafunzi mmoja anachangiwa na mifuko mitatu, na hakuna afisi inayojua jumla ya anachopata. Mmoja hulipiwa kotekote, jirani yake hapati popote.

Kwa hivyo Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, na Wizara ya Elimu waandikiane, na makubaliano hayo yachapishwe ili kila mzazi ayasome. Yataje kiasi. Yataje tarehe, nayo iwe kabla ya chuo kufunguliwa, kwani basari inayofika baada ya mtihani haimsaidii aliyezuiwa kuufanya. Orodha ya wahitaji iwe moja: serikali ya kitaifa ikishampima mwanafunzi, kaunti itumie vipimo hivyo hivyo, na anayeona amepimwa vibaya asikilizwe wadini. Fedha ziende moja kwa moja katika akaunti ya chuo. Sherehe za kukabidhi hundi uwanjani zikome, maana fedha ni za umma na mwanafunzi hana deni la shukrani kwa mwanasiasa yeyote.

Nairobi nayo ilipe inachodaiwa. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma siku 49 wakidai Sh7.9 bilioni za mkataba wao wa mishahara wa 2017 hadi 2021. Hakuna basari ya kaunti inayoweza kuziba pengo la darasa lisilo na mwalimu.

Na kabla ya yote hayo, kaunti itazame kazi iliyopewa na Katiba bila kuandikiana na mtu. Kijana asiyekwenda chuo kikuu, anayetaka kujifunza umeme, uchomeleaji au kutengeneza mashine za boti, huyo ni wa kaunti kamili. Bajeti ijayo ikifika mbele ya wawakilishi wadi, swali la kwanza kwa waziri wa elimu wa kaunti liwe hili: vyuo vya ufundi vimetengewa shilingi ngapi, na basari zimetengewa ngapi?